Mizani ya Majimoto

Binti alichuchumaa ukingoni mwa chemchemi, akazamisha chupa ya plastiki, akaisukasuka, akamwaga maji upande wa mtoni, mbali na jicho la chemchemi. Akarudia. Akarudia tena mara ya tatu. Mara ya nne ndipo akaijaza mpaka mdomoni, akakaza kizibo chupa ikiwa bado imezama, pasibaki hata kipovu kimoja cha hewa. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu maandishi ya wino hayastahimili mvuke. Kipimajoto kilikuwa kimeshasoma: nyuzi 60 na ushei.

Hapo ni kusini mwa wilaya ya Rungwe, upande wa Busokelo, kwenye mstari wa majimoto unaofuata ufa wa Mbaka. Ukitoka Tukuyu unashuka na kushuka, mashamba ya chai yanabaki nyuma, migomba inazidi kunenepa, koti unalivua, na mwishowe unafika mahali ambapo ardhi yenyewe inachemsha maji bila kuni. Watu wa huko wameyazoea. Wanaoga, wanafua, wanakanda viungo vinavyouma. Bibi mmoja aliyekuja kukanda magoti yake alikuwa akitutazama muda wote.

“Shikamoo bibi,” binti alisema bila kuiachia chupa.

“Marahaba, mwanangu. Mbona unaosha maji kwa maji?”

“Maji siyaoshi, bibi. Naosha chupa, yasije ya jana yakachanganyika na ya leo.”

Bibi aliitikia kwa kichwa. Aliyewahi kugandisha maziwa kwenye kibuyu hahitaji maelezo zaidi. Anajua chombo kina kumbukumbu, na kwamba kumbukumbu hiyo inaweza kuharibu kila kitakachotiwa humo.

Binti huyu nilimfundisha kemia sekondari. Sasa yeye ndiye mtaalamu, mimi ni mstaafu ninayebeba daftari, na siku ile niliona kwa macho yangu kazi niliyokuwa nikiifundisha kwa chaki kwa miaka mingi. Anachokitafuta pale si joto la chemchemi. Hilo hata mtoto anaweza kulipima, na bibi hulipima kwa kidole cha mguu. Anatafuta joto la kule maji yalikotoka, kilomita moja au mbili chini ya nyayo zetu, mahali ambapo hakuna kipimajoto kilichowahi kuteremshwa. Atalipata kwa kupima kitu kimoja kilichoyeyuka ndani ya maji: silika, mata ileile iliyomo kwenye mchanga mweupe na kwenye kioo cha dirisha.

Nataka kuusifu ufundi huu, na nataka niusifu kwa kiini chake. Watu wakisifu sayansi husifu mitambo, na mitambo inastahili. Lakini nguvu ya kazi hii iko kwenye mizani. Ni ujuzi wa kujua kila kitu kipewe uzani gani kulingana na nishati yake, kisha kuzuia mkono wako usiongeze wala kupunguza chochote.

Fikiria ngazi iliyosimamishwa ukutani. Molekuli za kitu chochote, maji au hewa au jiwe, hazikai zote kwenye kipago kimoja. Zinagongana usiku na mchana, zinapokezana nishati, hii inapanda na ile inashuka. Ukiifuata molekuli moja hutaona utaratibu wowote. Ukizitazama zote kwa pamoja, utaratibu unajitokeza na haubadiliki: chini ni nyingi, juu ni chache, na kila unapopanda kipago kimoja, uzani unagawanywa kwa 2.718. Kipago cha pili unagawanya tena. Cha tatu, tena. Ukifika cha kumi umebakiwa na sehemu moja kati ya 22,000. Kanuni hii tumeipata kwa Ludwig Boltzmann, mwanafizikia wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1844 na kufariki mwaka 1906, mtu aliyetetea kuwepo kwa atomu wakati wakubwa wengi wa sayansi walikuwa bado wanazikana.

Sasa sikiliza sehemu inayonifurahisha hadi leo. Urefu wa kipago unategemea joto. Katika nyuzi 25, kipago kimoja kina kilojuli 2.5 hivi kwa kila moli. Katika nyuzi 200 kinakaribia 3.9. Ukuta ni uleule, urefu wa kupanda ni uleule, ila vipago vimeachana zaidi, kwa hiyo vimepungua idadi. Silika ili iachane na jiwe la kwatsi na kuingia majini inahitaji kilojuli 25 hivi kwa moli. Katika nyuzi 25 hiyo ni safari ya vipago 10 na kidogo. Ukiangalia nishati peke yake, uzani wake ni moja kati ya 25,000. Katika nyuzi 200 ni vipago visivyofika sita na nusu, na uzani ni moja kati ya 600 hivi. Joto la kelvini halijaongezeka hata mara mbili, lakini uzani umeongezeka zaidi ya mara 40. Ndiyo maana kilo moja ya maji iliyotulia kwenye kwatsi katika nyuzi 25 hubeba miligramu 6 hivi za silika, na katika nyuzi 200 hubeba 265.

Mwaka 1966 Robert Fournier, mwanajiolojia wa Marekani, pamoja na mwenzake Rowe, walionyesha jinsi ya kuisoma hesabu hii kinyumenyume: kutoka kwenye silika kurudi kwenye joto. Kanuni iliyozoeleka baadaye inaenea kwenye kiganja. Chukua 1309, gawanya kwa tofauti kati ya 5.19 na logi ya miligramu za silika, kisha ondoa 273.15 upate nyuzi za Selsiasi. Maji yenye miligramu 100 kwa kilo yanakupa nyuzi 137. Kwa miaka mingi niliiandika kanuni hii ubaoni kama dawa ya kukariri. Siku moja nikiwa nyumbani nikaizidisha ile 1309 kwa 2.303, nikazidisha tena kwa 8.314, ile namba ya gesi tunayoifundisha kidato cha tano. Ikatoka juli 25,000. Ngazi ya silika! Ilikuwa imefichwa ndani ya kanuni muda wote ule, mtu amekunja urefu wa ukuta mzima na kuuweka ndani ya tarakimu nne. Kesho yake niliingia darasani kabla ya kengele.

Kuna jambo jingine linaloiwezesha kazi hii, nalo ni ukaidi wa silika. Maji yakipanda kutoka vilindini hupoa. Kwa haki silika ingepaswa kugeuka jiwe tena njiani, lakini kugeuka kwake ni kwa polepole mno, hasa joto likishashuka. Maji hufika juu yakiwa yamepoa mwilini huku yakiwa bado na silika ya kule chini. Bibi anayekanda magoti kwa maji ya nyuzi 60 anakanda kwa maji yenye habari za mahali pengine.

Wanafunzi wa Tukuyu sikuwaanzishia hapo. Niliwaanzishia jikoni. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na maji ya hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kyela, kule tambarare karibu na ziwa Nyasa, huchemka kwenye 98. Mama zao walijua zamani kwamba maharage ya Tukuyu yanakula kuni kuliko ya Kyela, na wengine walidhani ni mbegu. Tofauti ya nyuzi 3 inaonekana ndogo, kwa sababu mtu huifikiria kama tofauti ya wastani. Lakini harage haliivishwi na molekuli za wastani. Linaivishwa na zile chache zilizofika vipago vya juu, zenye nishati ya kutosha kuvunja kilichokaza ndani ya punje. Wastani ukisogea kidogo, zile chache huongezeka au kupungua kwa kiasi kikubwa zaidi. Sufuria la presha linapandisha maji yavuke nyuzi 100, na maharage yanaiva kabla mtoto hajamaliza kazi ya shule. Svante Arrhenius wa Sweden aliandika kanuni ya mwendo huu mwaka 1889. Sijui njia bora ya kuifundisha kuliko sufuria mbili za maharage, moja ikipelekwa Kyela kwa basi la asubuhi.

Na kama ilikuwa msimu wa chai niliwapeleka kwenye kibanda cha kununulia majani mabichi. Mkulima anafika na kikapu, kinatundikwa kwenye mizani, karani anaandika kilo. Umande na mvua ya Rungwe vimo humo kikapuni, navyo vina uzito. Kiwandani, kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Karani mzuri huingiza mkono kikapuni, hugeuza majani, hutazama kama ni majani mawili na kichomozi au ni mabua makavu yaliyochumwa kwa haraka. Anajua sindano ya mizani inasema kweli juu ya uzito na haisemi lolote juu ya chai. Nilikuwa nawaambia wanafunzi: tazameni mkono wa karani. Kemia yote ya nishati ni ule mkono unaoingia kikapuni.

Kwa mtaalamu wa majimoto mkono huo ni uamuzi wake. Nirudi kwenye maji yetu ya mfano, yenye miligramu 100. Kanuni ya kwatsi imesema nyuzi 137. Lakini huenda kule chini silika haikutoka kwenye kwatsi yenye fuwele kubwa. Huenda ilikaa sawa na kalsedoni, ndugu yake mwenye chembe ndogondogo asiyeng'ang'ania silika kwa nguvu ileile. Kanuni ya kalsedoni, kwa maji hayohayo, inasema nyuzi 110. Tofauti ni nyuzi 27, na kwa mtu anayetaka kujenga mtambo wa umeme tofauti hiyo ni mabilioni ya shilingi. Hakuna kompyuta itakayomchagulia. Anapaswa kujua mawe ya pale, aangalie sodiamu, potasiamu na magnesiamu, apime kama maji yamekaa na mwamba muda wa kutosha kupatana nao. Werner Giggenbach, aliyefanya kazi New Zealand, alichora mwaka 1988 pembetatu ya madini hayo matatu, ambayo ukiweka nukta ya maji yako ndani yake unaona kama maji yamekomaa au bado ni machanga. Giggenbach alifariki mwaka 1997 akiwa kazini kwenye volkano ya Rabaul, Papua New Guinea. Pembetatu yake inachorwa hadi leo.

Na Rungwe kuna mvua. Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na ndipo ninapowaheshimu zaidi wanaoifanya kazi hii kwetu kuliko wanaoifanya jangwani. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maji hayo hayakai juu. Yanazama kwenye majivu ya volkano na mawe yenye matundu, yanakutana njiani na majimoto yanayopanda, yanachanganyika nayo. Kila mama aliyewahi kumwogesha mtoto anaijua hesabu yake. Ndoo moja ya maji ya nyuzi 90 na ndoo tatu za maji ya nyuzi 18 zinakupa beseni la nyuzi 36: maji ya kila ndoo yanaingia kwenye wastani kwa kiasi cha joto yaliloleta. Silika nayo inapungua vivyo hivyo, kwa uwiano uleule. Mtu akichukua silika iliyochujuka na kuiingiza kwenye kanuni bila kufikiri, atasema chini kuna uvuguvugu, kumbe chini kuna moto na juu kuna mvua. Dawa yake ni kupima pia maji baridi ya jirani, mto na visima, ujue mshiriki wa pili wa mchanganyiko ana silika kiasi gani na joto kiasi gani, kisha utenganishe kwenye karatasi kile ambacho ardhi imeunganisha. Alfred Truesdell na Fournier waliandika njia hiyo mwaka 1977. Inatumia mizani mbili kwa pamoja, ya joto na ya silika, na jibu liko pale mizani hizo zinapokubaliana.

Moto wenyewe haupingwi. Kyejo (wengine huandika Kiejo), volkano iliyo jirani na chemchemi hizi, ilitoa lava miaka 200 hivi iliyopita, karibu kabisa kwa kalenda ya milima. Mlima Rungwe, wenye mita karibu 2,960, ulilipuka vibaya miaka 4,000 hivi iliyopita, na tabaka la mawe mepesi la mlipuko ule unaliona leo barabara inapokata kilima. Gesi nayo inashuhudia. Busokelo hewa ya ukaa inatoka ardhini kwa wingi kiasi cha kuvunwa kiwandani, na kampuni ya TOL huiuza kwa watengenezaji wa vinywaji. Hewa hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mabondeni. Ndugu zetu wa Goma huiita mazuku na wanaiogopa kwa haki. Binti alinikataza kukaa kwenye shimo lililokuwa na kivuli kizuri. “Mwalimu, kaa huku juu,” alisema, na sikubishana naye.

Wa kwanza kuyapima majimoto ya Tanzania kwa mpango mpana walikuwa wataalamu wa SWECO ya Sweden na Virkir ya Iceland, miaka ya 1970 ikielekea mwisho. Wakenya wakati huo walikuwa wanachoronga Olkaria, na mwaka 1981 mtambo wao wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kutoa umeme. Sisi tulichelewa. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu vijana waliokuwa wanaondoka Rungwe kutafuta kazi walikuwa wanaiacha kazi chini ya migomba ya baba zao. Mwaka 2013 serikali iliunda Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi, TGDC, na maeneo ya Ngozi na Kiejo-Mbaka, yote ya ukanda huu wetu, yakawekwa kwenye orodha ya mwanzo. Mwaka 2021 mitambo ilichoronga visima vifupi vya uchunguzi Kiejo-Mbaka. Kabla ya mtambo kuja kuna miaka ya watu wanaochuchumaa ukingoni na chupa, na mtambo huwekwa pale walipoonyesha wao. Wakikosea, kisima kinachimbwa mahali pasipo na joto.

Kwa hiyo narudi kwenye chupa. Nilihesabu nne kwa chemchemi moja. Ya kwanza ina maji kama yalivyo. Ya pili imepita kwenye chujio lenye matundu ya maikroni 0.45, kwa bomba la sindano, na mkono wa binti ulikuwa unatetemeka kwa kusukuma kwa sababu tope la volkano huziba chujio upesi. Ya tatu imechujwa kisha ikadondoshewa tindikali ya naitriki, ili madini yasigande kwenye kuta za chupa. Ya nne ndiyo ya silika. Hiyo aliipima kwa uangalifu ambao nimewahi kuuona kwa wafua dhahabu tu: sehemu moja ya chemchemi, sehemu tisa za maji yaliyokenekwa, pale pale ukingoni, kabla hayajapoa. Maji yenye silika nyingi yakipoa yenyewe kwenye chupa, silika hushikana mikono, molekuli kwa molekuli, ikawa minyororo ambayo kemikali ya maabara haiwezi kuiona. Ukiyachanganya mapema na maji yaliyokenekwa, molekuli zinakuwa mbali mno kushikana.

Hilo nililijifunza vibaya. Miaka ya mwanzo ya ualimu wangu nilichota majimoto kwa chupa ya soda, ya kioo, nikayapeleka maabara baada ya wiki mbili nikiwa na hamu ya kuwaonyesha wanafunzi joto la vilindini. Namba iliyorudi haikuwa na maana yoyote. Silika nyingine ilikuwa imeshikana na kujificha, na nyingine huenda ilitoka kwenye kioo chenyewe, kwa maana kioo ni silika. Nilikuwa nimeweka mchanga kwenye mizani pande zote mbili. Wanafunzi wale niliwaambia ukweli, na kipindi kilichofuata tukakitumia kuchambua chupa badala ya chemchemi. Kilikuwa kipindi kizuri, ingawa joto la vilindini hatukulipata mwaka ule.

Maabara, silika hugeuzwa rangi kwa molibdeti. Maji yanakuwa manjano, na kadiri silika ilivyo nyingi ndivyo manjano inavyokolea. Kisha hufanywa hesabu ambayo wasio na subira huiruka: chaji zote chanya zijumlishwe, chaji zote hasi zijumlishwe, na zikitofautiana zaidi ya asilimia 5 sampuli irudiwe. Maji ya asili hayana umeme wa ziada. Kama daftari linaonyesha umeme wa ziada, kosa ni la mpimaji.

Mizani hii ina chumba cha ndani zaidi, na ningejiona nimemnyima msomaji kama nisingemfungulia mlango. Wanakemia wa kwanta hupima molekuli ambazo hawajazishika. Kompyuta inaeleza mawingu ya elektroni kwa maumbo madogo yaliyobandikwa kwenye kila atomu, na kutoka hapo inatafuta kani: atomu hii inavutwa wapi, ile inasukumwa wapi, molekuli itatulia kwa umbile gani. Ugumu ni kwamba atomu ikisogezwa, maumbo yake yanasogea nayo. Ni kama karani wa chai angefunga mizani mgongoni mwa mchumaji. Mchumaji akiinama, sindano inacheza, na karani hajui kama kilichobadilika ni chai au ni mwinamo. Mwaka 1969 Mhungari Péter Pulay alionyesha jinsi ya kuiondoa hitilafu hiyo kwenye hesabu za kani. Njia yenyewe inahitaji majedwali mawili. La kwanza linahesabu kila wingu kwa idadi ya elektroni zake, nalo linakuambia elektroni ziko wapi. La pili linachukua mawingu yaleyale na kulizidisha kila moja kwa nishati yake. Jedwali hilo la pili, lililopimwa kwa nishati, ndilo linalosema ni kiasi gani cha kani ni cha kweli na kiasi gani ni mizani iliyosogea na mchumaji.

Nilipolielewa hilo, uzeeni, niliwaza mkono wa karani ukiingia kikapuni. Kuhesabu elektroni ni kusoma sindano. Kuzipima kwa nishati ni kugeuza majani. Na kazi hii ya kani na ile ya vipago zimeshikana kama mnyororo: kani sahihi hutoa umbile sahihi, umbile na mitetemo yake hutoa nishati, nishati hutoa vipago, na vipago hutoa uzani wa kila hali katika mchanganyiko. Arusha, kwenye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, watafiti wamefanya hesabu za namna hii kwa chumvi zikiwa mvuke. Vikundi vya ioni humo huweza kujipanga kwa maumbo zaidi ya moja, na swali ni umbile lipi liko kwa wingi katika joto fulani. Jibu huja kwa kulipa kila umbile uzani wake, nishati upande mmoja na uhuru wa kujigeuza upande mwingine. Umbile lenye nishati ndogo mara nyingi hushinda penye baridi. Joto likipanda, lile lililokuwa nyuma huweza kupita mbele. Mimi nasoma matokeo hayo kibarazani, mvua ikinyesha, na nafurahi kwamba yametoka Arusha.

Jua lilipoelekea kutua binti alitumbukiza kipimachumvi kwenye chemchemi mara ya mwisho. Kilisoma chini kuliko alipokuja kiangazi. Akakitoa, akakisafisha kwa maji yaliyokenekwa, akakitumbukiza tena, kikasoma vilevile. Akatazama mawingu yaliyokaa juu ya Kyejo, akatazama mto, akaanza kufunga sanduku.

“Sasa yamekwambia nini hayo maji?” bibi aliuliza. Alikuwa ameshavaa kanga yake ya pili na kushika fimbo.

“Bado, bibi. Mvua imeingia ndani yake. Hizi nitazipima, lakini inabidi nirudi Septemba, kukiwa kukavu.”

“Na mto umeuchota?”

Binti alinyamaza kidogo. Alikuwa amebakiwa na chupa moja tu tupu. “Leo sitaweza kuuchota wote.”

“Basi Septemba uuchote. Mto huu unaingia humo kwa chini, pale penye mkuyu. Tangu niko msichana unaingia. Ukija uje na njaa, nitapika ndizi mbalaga.”

“Ndaga fijo, bibi,” binti alishukuru kwa Kinyakyusa.

Nilimpa daftari. Akaegemea boneti ya gari, akaandika kwa kalamu ya risasi: Septemba, kiangazi. Chupa 4 za chemchemi, chupa 4 za mto, juu ya mkuyu na chini yake.